Kimya Kabla ya Mkate

Mara ya kwanza niligeuka nyuma. Mtu yeyote angegeuka. Pasta alikuwa ameinua mkate kwa mikono miwili, amesema maneno yote yanayosemwa, na sasa ilibaki kuuvunja tu. Badala ya kuuvunja, akanyamaza. Akatazama juu ya vichwa vya watu mpaka nyuma kabisa ya kanisa, tulipokaa sisi, na waumini wote wakanyamaza pamoja naye. Nilidhani kuna mtu mkubwa anaingia, gavana labda, au mlevi. Nikageuka. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Nilipoangalia mbele tena mkate ulikuwa umeshavunjwa na kwaya inaimba.

Kando yangu kambo alikuwa ameinamisha kichwa kama kawaida yake. Kambo ndiyo bibi, kwetu Lubumbashi. Watu wa pwani wakisikia neno hilo wanadhani ninasema habari za mama wa kambo, na wananionea huruma bure.

Mimi ni Katoliki. Nilikuwa mle ndani kwa sababu miguu ya kambo ilikuwa imevimba na mtu alitakiwa kumshika mkono kutoka nyumbani hadi kanisani kwake, hapo hapo mtaani Kamalondo. Binamu zangu walikuwa na kazi nyingi ghafla, kila mmoja na yake. Basi nikawa na Jumapili mbili katika siku moja: misa ya kwanza kwetu, halafu kulte, yaani ibada ya Waprotestanti, na kambo. Mama yangu alisema nitakuwa mtakatifu kabla ya Krismasi. Ukweli ni kwamba nilienda kwa udadisi. Tangu utotoni mama huniita Mulizaji, na si kwa kunisifu.

Pale kanisani kulikuwa na mengi ya kuuliza. Kwetu Katoliki ni Katoliki, basi, mambo yamekwisha. Hawa wenzetu ukimuuliza mtu anasali wapi anakutajia namba, kama anakuelekeza nyumba. Kambo alinieleza kwamba zamani kila misheni ilikuwa na lake, huyu anabatiza kwa maji mengi, yule kwa maji ya kikombe, na hawakualikana hata kwenye harusi. Halafu serikali ikasema Waprotestanti wote wawe kanisa moja la taifa. Wakakubali, kwa shingo upande, na kila misheni ikapewa namba yake ndani ya kanisa hilo moja. Kambo aliipenda namba ya kwao kuliko jina lenyewe. Mtu akimwambia, "Nami ni wa ile ile," alimfungulia mlango wa nyumba hata kama hamjui.

Tena kulikuwa na habari ya Mama Pasta. Tangu kanisa hilo lijengwe, Mama Pasta alikuwa mke wa pasta, mtu wa kuongoza wamama na kukaa kiti cha mbele. Sasa wameletewa pasta mwanamke. Wakamwita Mama Pasta, naam, lakini mume wake, fundi wa umeme mpole, watu hawakujua wamwite nani. Wengine walimwita Papa Mama Pasta, na yeye aliitika bila kinyongo. Mimi nilicheka mpaka kambo akanifinya.

Lakini kile kimya kilinikaa kichwani. Mwezi uliofuata, Jumapili ya Meza ya Bwana, nilikingoja. Kikaja tena. Mkate juu, macho nyuma, kimya, kisha mkate ukavunjwa. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Nikaanza kuuliza. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia ni nafasi ya kila mtu kujichunguza moyo. Nikamuuliza, mbona pasta anatazama mlango, mioyo iko mlangoni? Akasema Wakatoliki tuna maneno mengi. Mama mmoja wa kwaya alisema zamani wasiobatizwa walitolewa nje kabla ya mkate, na pasta alingoja mlango ufungwe. Jibu hilo lilinipendeza, ila mlango wao haufungwi kamwe, hata mvua ikinyesha. Mwimbishaji naye alisema ni kwa ajili ya kwaya kupata sauti. Yule alidhani kila kitu duniani kimewekwa kwa ajili ya kwaya.

Nilikuwa na rafiki mtaa wa Hewa Bora, naye ni wa namba ile ile ya kambo. Nikamwomba anipeleke kwao Jumapili ya Meza. Kule pasta aliinua mkate na kuuvunja papo hapo, kama mtu mwenye njaa. Nikamuuliza rafiki yangu, "Mbona hakungoja?" Akaniuliza, "Angoje nini?" Namba moja, kitabu kimoja cha nyimbo, maneno yale yale, na kimya hakuna. Hapo ndipo roho yangu haikutulia tena.

Nikamfuata pasta wetu mwenyewe, nasema wetu ingawa hakuwa wangu. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwepesi wa kucheka. Alikunja joho lake juu ya kiti na kuniambia ukweli.

"Mi nilifika hapa, bazee bakanifundisha: Mama Pasta, hapa kwetu mbele ya kuvunja mukate tunangojaka kidogo, tunaangalia nyuma. Nikabauliza, tunangoja nini? Bakaniambia, tunangoja, njo vile."

"Na wewe ukakubali hivyo tu?"

"Pasta mupya anakubaliaka kila kitu mwaka wa kwanza," akasema. "Halafu nikazoea. Sasa nikienda kuhubiri kwingine, mikono yangu inasimama yenyewe."

Haya yote yangebaki mchezo wangu wa Jumapili kama kambo asingeanza kuugua kweli kweli. Miguu ilikuwa dalili tu. Daktari alisema moyo wake umechoka, na kambo akamjibu kwamba hata yeye angechoka akipiga kazi miaka yote hiyo bila likizo. Tulicheka mbele yake. Nyumbani mama alilia jikoni.

Inabidi nieleze jambo la kambo, maana hapo ndipo shida ilipokuwa. Kambo alikuwa amefungwa. Nilipokuwa mdogo nilisikia watu wazima wakisema hivyo, "kambo yenu alifungwa," na mimi nikaelewa gereza. Nikamwendea siku moja kumuuliza kule ndani walikula nini. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka akanieleza, na sikuelewa vizuri hadi nilipokuwa mkubwa.

Kufungwa, kwa Waprotestanti wa kwao, ni kuzuiwa Meza ya Bwana kwa sababu ya kosa. Jina lako linasomwa mbele ya kanisa. Tangu siku ile unakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Unaimba, unaomba, unatoa sadaka, sadaka yako haikataliwi, lakini mkate ukipita unakupita. Ukifunguliwa unarudi mbele kukaa na wenzako. Kambo alifungwa alipokuwa msichana, kwa kuolewa na babu yangu. Babu alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, watu waliotoka kaskazini ya Katanga, Wakatoliki wa kufa na kuzikana, na harusi ilifungwa kwa padri. Pasta aliyesoma jina lake mbele ya watu alikuwa baba yake mzazi.

Huyo baba yake ni mmoja wa wachungaji weusi wa mwanzo wa kanisa lile. Alianza kama seremala wa wamisheni. Madawati kadhaa mle ndani ni kazi ya mikono yake, na benchi la nyuma ni mojawapo. Walimpa kwanza kazi ya kufundisha ubatizo, akatembea vijiji kwa baiskeli, halafu wakamwekea mikono akawa pasta. Watu walimheshimu kwa sababu hakupendelea. Kwa hiyo siku binti yake alipoolewa kwa padri, kanisa zima lilimtazama yeye, na yeye akasimama akasoma jina la binti yake kwa sauti ile ile aliyosomea majina ya watoto wa wengine.

Alikufa bila kumfungua. Baada yake walikuja wachungaji wengine, na karibu kila mmoja alimwendea kambo kumwambia jambo limezeeka, useme tu neno, tukufungue. Kambo aliwapa chai na kuwajibu jibu moja. Nililisikia kwa masikio yangu Mama Pasta alipokuja kumwona mgonjwa.

"Kambo, sema tu 'ninarudi'. Ile tu. Kanisa inakungoja."

"Ule alinifunga njo atanifungua. We haukunifunga."

"Lakini alisha kufa, kambo."

"Basi tutaonana kule kule."

Mama Pasta alimaliza chai yake akaaga. Nje kwenye ua akaniambia kilichomsumbua: mtu anayekufa amefungwa, jeneza lake haliingizwi kanisani. Ataombewa nyumbani, na kaburini, lakini ndani ya kanisa hapana. Yeye angetaka kuvunja sheria hiyo, alisema, ila wazee hawatakubali, na kambo mwenyewe hatakubali. Na kweli, upande wa babu ulikuwa umeshajitolea. Wakatoliki tulisema tutampa misa nzuri yenye kwaya mbili. Kambo aliposikia alikasirika mpaka tukaogopa moyo wake. "Mi ni mutoto wa pasta," akasema. "Ba padri benu habatanivukisha hata barabara."

Hivyo ndivyo tulivyokaa: mwanamke aliyekuja kanisa lile kila Jumapili ya maisha yake, na siku ya mwisho hataingizwa. Alijua. Jioni moja nilikuwa ninampaka mafuta miguuni akaniambia, akiangalia ukutani, kwamba angependa kulala ndani mle hata nusu saa, chini ya dari aliyopigilia baba yake. Mimi nilipandwa na hasira, na sikujua ni kwa nani, kwa marehemu au kwa sheria au kwa yeye na kichwa chake kigumu.

Nilirudi kwa Mama Pasta. Nilimuuliza kama bado yuko mtu aliyefanya kazi na baba yake kambo. Akafikiri, akasema kuna mmoja tu: pasta mzee sana, amestaafu, anakaa Mokambo, mpakani na Zambia, kwa binti yake. Yeye ndiye aliyeachiwa kanisa marehemu alipokufa, na ni marehemu huyo aliyemwekea mikono. Nikamwambia Mama Pasta kwamba basi mambo ni rahisi. Marehemu alimwekea mikono huyu wa Mokambo, huyu akamwekea mwingine, na mwingine hadi kufika kwako, kwa hiyo mikono yako ni ya marehemu na unaweza kumfungua kambo leo leo. Mama Pasta alicheka akanipiga begani.

"Hiyo ni theolojia ya kwenu ku Katoliki," akasema. "Ukimwambia kambo vile, atakufukuza na fagio."

Hata hivyo nilikwenda Mokambo. Nilimwambia mama ninafuata unga na maharagwe, na si uongo, nilivileta. Mpaka uko pale pale, malori yamepanga foleni, wanawake wanavuka na vifurushi, na Kibemba kinasikika kuliko Kiswahili. Nyumba ya binti wa pasta mzee ilikuwa nyuma ya duka lake la chumvi na sabuni. Mzee mwenyewe alikaa kwenye kiti cha plastiki, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Macho yalikuwa yamefifia, masikio yalikuwa mazima.

"Weye ni wa namba gani?" ndilo swali lake la kwanza.

"Mi ni Katoliki, papa."

"Ah! Ninyi hamuna namba. Muliogopa kuhesabiwa." Akacheka peke yake kwa raha. Nilimpenda pale pale.

Nilimwambia mimi ni mjukuu wa nani. Kicheko kikaisha. Akauliza kama kambo bado yuko hai, na niliposema yuko, akarudia neno hilo, "eko, eko," kama anayejizuia kufurahi. Nikaona nisianze na habari ya kufungwa, nianze na udadisi wangu mdogo. Nikamuuliza kwa nini kanisani Kamalondo pasta hungoja kabla ya kuvunja mkate.

"Bangali banangoja?" akasema.

"Kila Jumapili ya Meza."

Mzee alifungua kifungo cha shingoni. Binti yake alichungulia kutoka dukani kuona kama kuna nini. Kisha mzee akanisimulia, na nitasimulia kama yeye, bila kuongeza.

Wakati ule alikuwa kijana, msaidizi, kazi yake kusimama kando ya pasta na kikombe. Jumapili ya kwanza ya Meza baada ya binti kufungwa, pasta aliinua mkate, akasema maneno, na mikono ikasimama. Kijana alidhani mzee amesahau sala. Akamtazama usoni, akaona macho yamekwenda nyuma, kwenye benchi lile. Binti alikuwa amekaa pale. Pasta akangoja. Kisha akavunja mkate kwa nguvu, vipande vikawa vikubwa na vidogo. Mwezi uliofuata vile vile. Na uliofuata. Siku moja kijana akajipa moyo akamuuliza kwenye chumba cha nyuma, "Pasta, tunangoja nini?"

"Akaniambia, tunangoja muntu arudie," mzee akasema. "Vile tu. Mi nikajua ni nani. Sikumuuliza tena hata siku moja."

"Kwa nini hakumwita?" Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Alikuwa mtoto wake!"

"Njo sababu. Sheria ya kwetu, muntu haitwi ku Meza. Mwenye kufungwa anasimama yeye mwenyewe, anasema 'ninarudi'. Ni yeye alitufundisha ile sheria. Akiita mutoto wake, bantu batasema nini? Watoto ba bengine banarudi na magoti, wa pasta anaitwa kama mugeni wa harusi? Hakuweza. Alifanya ile aliweza. Alingoja."

Alingoja mpaka akafa. Kijana akawa pasta, na alipoinua mkate mara ya kwanza, akasimamisha mikono na kutazama nyuma, maana hakuwahi kufundishwa namna nyingine. Kambo alikuwa pale bado, kichwa chini. Yule aliyemfuata alijifunza kwake, na wa nne kwa yule, na hakuna aliyeeleza sababu, maana ilikuwa siri ya mzee mmoja na haikuwa yake kuitangaza. Hivyo wachungaji wote wa kanisa lile, mmoja baada ya mwingine, walisimama mbele wakimngoja kambo yangu, na hakuna aliyejua anangoja nani.

"Mbona hukumwambia kambo mwenyewe?" nikauliza.

Akashangaa kweli. "Nimwambie nini? Shi alikuwa anaangaliwa yeye? Nilisema moyoni, anajua. Nilisema ni kiburi."

Njia nzima ya kurudi nilikaa na unga wangu mapajani, nalia na kucheka. Nilidhani nimebeba zawadi. Ningemwambia kambo kwamba baba yake alimpenda, naye angetabasamu, angesema ninarudi, na mambo yangekwisha. Watu wadadisi tuna ujinga huo. Tukishapata jibu tunadhani kila mtu alilihitaji.

Nilimkuta uani anachambua matembele. Nikakaa chini, nikamwambia yote. Mikono yake iliendelea na majani mpaka nilipofika mahali pa "tunangoja muntu arudie." Hapo akaacha. Nikamaliza. Nikasubiri tabasamu.

"Alikuwa na kinywa," kambo akasema.

"Kambo, sheria ilisema..."

"Alikuwa na kinywa!" Akasukuma beseni kwa mguu uliovimba na majani yakamwagika uani kote. "Ku kanisa muntu haitwi, ndiyo. Lakini ku nyumba? Kwetu mutoto akikosea baba yake, anaendaka kukala kwa jirani. Hajiletake mwenyewe, ni kukosa heshima, sawa vile anamwambia baba, kasirani yako imekwisha. Anangoja. Baba akipoa anatuma muntu, banamwitaka. Mi nilikala nangoja baniite. Kila siku. Nilikala kwa ile banki ya nyuma sawa mutoto kwa jirani, kichwa chini, sababu baba akikasirika humwangalie usoni. Na yeye huko mbele ananiangalia! Na kinywa anacho! Kutangaza jina langu aliweza!"

Alilia. Sikuwahi kumwona analia, hata babu alipokufa. Alilia kwa hasira, kwa sauti, anapiga paja lake, na alimwita baba yake majina ambayo mtoto wa pasta hatakiwi kuyajua. Nami nikalia. Ndipo nikaelewa kosa lao lote. Kanisani aliyefungwa ndiye anayerudi bila kuitwa. Nyumbani mtoto ndiye anayengoja kuitwa. Baba alishika desturi ya kanisa kwa sababu alikuwa pasta, binti alishika desturi ya nyumbani kwa sababu alikuwa mtoto, na kila mmoja alikuwa na adabu kamili. Walikutana misibani wakasalimiana vizuri. Mama wa binti alipeleka chakula huku na huku. Kila Jumapili walikuwa chini ya dari moja.

Baada ya siku ile kambo hakutaka kusikia habari hiyo. Nikileta neno, aliwasha redio. Mama alinilaumu kwamba nimempandisha mgonjwa moyo kwa mambo ya wafu. Mama Pasta nilimweleza, maana ilikuwa haki yake kujua mikono yake inafanya nini. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa, akasema tu, "Mungu wangu." Aliniuliza kama Jumapili ya Meza aache kungoja, asije akamuumiza kambo zaidi. Nikamwambia mimi ni Katoliki, asiniulize mimi. Kisha nikamwambia afanye kama siku zote.

Siku ya Jumamosi, nikimpaka mafuta miguuni, kambo alizima redio mwenyewe.

"Ule muzee wa Mokambo," akasema. "Alikuambia baba alikuwa anaangalia wapi? Ku mulango, ao ku banki?"

"Ku banki, kambo."

"Alisema vile? Ku banki?"

"Alisema vile."

Akawasha redio.

Jumapili nilimvalisha kitambaa chake cha kichwa cha wamama wa kanisa, tukaenda polepole, tukasimama mara nyingi njiani kupumzika. Tukakaa pale petu. Mahubiri yalikuwa marefu na sikusikia hata neno. Mama Pasta alifika mezani, akafunua kitambaa cheupe, akasema maneno. Akainua mkate. Mikono ikasimama, macho yakaja nyuma.

Nilimwangalia kambo. Alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama Mama Pasta usoni, sawasawa, kinywa kimefumbwa, kama mtu anayesikiliza kama kweli ameitwa yeye au ni mwingine. Kisha akashika mgongo wa benchi la mbele yake akajivuta kusimama, akaitikia kwa sauti ya kusikika uani, kama mtoto anavyoitikia akiitwa kutoka kwa jirani.

"Baba, mi nakuya!"

Watu wote waligeuka. Walimwona mwanamke mzee akimwita Mama Pasta baba, na wachache walidhani ugonjwa umepanda kichwani. Mzee mmoja wa kanisa aliinuka nusu, pengine kuuliza yale yanayoulizwa mtu anayerudi, kisha akakaa tena. Kambo alitoka kwenye benchi. Nikainuka haraka nimshike mkono kama kila siku, naye akausukuma.

"Acha," akasema. "We ni Katoliki."

Akaenda peke yake, anashika benchi moja baada ya jingine, na katikati akasimama kupumua. "Mungoje," akawaambia. "Ni magoti inanichelewesha." Mama Pasta hakushusha mkate. Aliushika juu vile vile, na mwimbishaji, ambaye si mtu wa kuvumilia kimya, hakuanzisha wimbo wowote mpaka kambo alipofika.